Jua Upande wa Baba

Kitinda alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa kuwa kitindamimba, na likamganda hata baada ya kuota mvi mbili tatu. Mama yao alikwisha kufariki, kaka yake aliishi mji wa mbali, kwa hiyo baba akabaki mikononi mwake. Figo za mzee zilikuwa zimegoma. Kila baada ya siku mbili Kitinda alifunika cherehani, akampakia baba kwenye kigari chao kikuukuu, akampeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine.

Kwenda hakukuwa na taabu, maana waliondoka alfajiri. Taabu ilikuwa kurudi. Mzee alitoka kwenye mashine hana nguvu hata ya kufunga kifungo cha shati, na saa hiyo jua lilikuwa limekaa sawasawa upande wa kiti chake. Kiyoyozi cha gari kilikufa siku nyingi, na makanika alisema hata kikifufuliwa, injini yenyewe imechoka, haitakibeba. Wakishusha vioo, vumbi la barabara iliyokuwa ikijengwa lilimkaba mzee kwa kikohozi. Wakivipandisha, aliiva. Mara nyingi alitapika kabla ya kufika. Kitinda alisimamisha gari kando, akamfuta mdomo, akaendelea, mgongo wake mwenyewe umelowa chapachapa na macho yanawasha kwa usingizi.

Akaanza kubana mtandio dirishani upande wa baba. Ulisaidia, ila ulimziba asione kioo cha pembeni. Siku moja alipokata kona kuingia mtaani kwao alisikia mlio wa breki. Pikipiki ilikuwa ubavuni mwao kabisa, mwendeshaji ameegemeza kiganja kwenye mlango wa baba ili asianguke. Hakuumia mtu. Yule mwendeshaji alimtazama tu, akatikisa kichwa, akaenda zake, na Kitinda akaona heri angetukanwa.

Mzee naye hakusema neno. Hilo ndilo lililomkata Kitinda maini. Baba yake aliendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote; zamani ukikosea gia tu, utamsikia. Tangu augue, alikaa garini kama mzigo, kichwa ameinamisha, habari ya njia hana.

Jioni Kitinda alimpigia simu kaka yake, akamwambia anafikiria kubandika vioo tinti, ile karatasi ya kuzuia joto. Kaka akasema tinti ni mapambo ya watu wanaotaka kujificha, bora wahangaike na kiyoyozi. Kitinda hakuwa na nguvu za kubishana. Alimwambia aje aendeshe yeye siku moja, kisha akakata simu.

Fundi wa tinti alikuwa mama wa makamo mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Aliwasha taa kali, akamwambia Kitinda auweke mkono mbele yake, halafu akapitisha katikati kipande cha kioo kilichobandikwa ile karatasi. Ukali ukapungua papo hapo. Wala haikuwa nyeusi. Mtu angeona nje bila shida. Kitinda akauliza kama kweli inafaa, au ni maneno ya biashara.

"Nisikudanganye, mwanangu," yule mama alisema. "Hii si kiyoyozi. Gari ukiliacha juani kutwa, utalikuta limechemka vilevile. Inachopunguza ni ule mchomo wa jua kwa mtu aliyeketi. Kama unahangaikia safari, weka. Kama ni maegesho, tafuta kivuli."

Akaweka.

Siku ya mashine ilipofika, kivuli chote cha hospitali kilikuwa kimejaa magari. Saa ya kurudi Kitinda alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Ingawa alikwisha kuonywa, machozi yalimlengalenga. Aliegemea gari, baba yake kwenye kiti cha magurudumu anasubiri, asijue aanzie wapi.

"Fungua milango yote," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Utoke huo moto kwanza. Halafu twende vioo vikiwa chini. Tukikaribia vumbi ndiyo ufunge."

Kitinda akamgeukia. Hakukumbuka lini mara ya mwisho baba yake aliongea maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Wakafanya hivyo. Penye vumbi wakafunga vioo. Joto lilikuwapo, uongo haufai. Shati la mzee lililowa, na kwenye foleni Kitinda alijipepea kwa kiganja. Lakini jua lilipomwangukia mzee mkononi, ule mkono wenye makovu ya sindano, hakuuvuta. Aliuacha palepale mapajani, akainua kichwa, akatazama nje. Akasema lori lililo mbele yao limepakiwa vibaya, mzigo wote uko upande mmoja. Kisha akageukia miguu ya bintiye.

"Mbona unalalia klachi? Utaimaliza."

Kitinda alikuwa amechoka, hana hamu ya kusikia lolote kuhusu klachi. Akaondoa mguu.

"Sawa, baba."

Mzee akaendelea. Alisema juu ya kona, juu ya matuta, juu ya watu wanaofunga breki kama wanaua nyoka. Hakutapika. Walipofika aliomba ashikwe mkono mmoja tu, akaingia ndani akiburuta miguu, akalala.

Kitinda alijitupa kwenye mkeka kando ya cherehani, viatu bado miguuni. Simu ikalia. Kaka yake alitaka kujua kama hiyo tinti imefaa kitu.

"Joto lipo," Kitinda alisema. "Ila baba amenigombeza njia nzima."

Kaka akauliza, kwa sauti iliyobadilika, amegombezwa kwa lipi. Kitinda akaanza kumsimulia habari ya klachi, na kabla hajafika kwenye matuta usingizi ukamchukua, simu ikiwa sikioni.