Hariri ya Kuazima

Tangu Esméria alipovalishwa gauni la hariri la bibi yake, Dona Leocádia, asubuhi ile, jikoni hakuna aliyecheka. Na lilikuwa la kuchekesha kweli: kifuani limembana, chini linaburuta, na mkufu wa dhahabu umemkaa shingoni kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Inácia mpishi alimtazama mara moja tu, akaendelea kuchekecha unga wake wa muhogo.

"Umependeza," alisema. "Hata Benedita alipendeza."

Esméria akaushika ule mkufu. Benedita alikuwa mtumwa kama yeye, yaya wa nyumba ya pili. Siku ya Pasaka walimvika hariri, wakampiga picha amempakata mtoto wa bwana wake. Siku ya tisa akapandishwa meli ya moshi kwenda kusini mwa Brazili, kwenye mashamba ya kahawa, na wanawe wawili wakabaki hapa Recife wakiita jina lake kwenye ngazi. Mtaa mzima ulijua maana yake, au ulidhani unajua: yaya akiuzwa, mtoto aliyemlea huachiwa picha ya kumlilia.

Chini ya meza, Damiana, binti yake Esméria wa miaka mitano, alikuwa akilamba sukari guru.

"Mama, umekuwa bibi?"

"Mpaka saa saba tu. Baada ya hapo narudi kuwa mama yako. Na usiimalize hiyo sukari, mwizi wewe!"

Njia nzima ya kwenda kupigwa picha, akiwa amembeba Juju, mtoto wa Dona Leocádia, Esméria alikuwa akipiga hesabu yake. Juju alikuwa na miaka mitatu na hakulala bila kushika sikio la yaya wake. Bila yaya, na bila picha ya kumtuliza, angelia mpaka majirani wahame. Basi uso wa Juju usipotoka, hakuna picha. Na pasipo picha, hakuna meli.

Studio ilikuwa ghorofa ya juu, chini ya paa la vioo, joto lake la kuivisha mkate. Bwana Hipólito, mpiga picha, alikuwa na kipara kinachong'aa kuliko kamera yake, na vidole vilivyokolea weusi wa dawa kama vya mtu aliyefukua kaburi kwa mikono. Alimweka Esméria kitini mbele ya pazia lililochorwa ziwa, akamsimamisha Juju pembeni ya goti lake.

"Nimpakate, Bwana?"

"Hapana. Bibi amesema uonekane mwili mzima."

Nyuma ya shingo yake yakaja makoleo ya chuma, baridi katikati ya joto lile, yakamshika kichwa kisitikisike.

"Yanauma?"

"Hayaumi, Bwana. Yananikumbatia tu. Hata mume hakuwahi kunishika hivi."

Bwana Hipólito alicheka. Dona Leocádia, aliyekaa dirishani akijipepea, hakucheka.

"Nahesabu mpaka kumi na mbili. Asitikisike mtu. Anayetikisika anageuka moshi."

Mpiga picha akafungua kamera. Moja, mbili... Esméria akakaza uso kama sanamu ya kanisani ili asishukiwe, ila kidole chake kimoja, nyuma ya goti la Juju, kikaanza kazi. Juju akajinyonganyonga, akaangua kicheko.

"Huyu mtoto ana funza?" alifoka Bwana Hipólito.

"Ana furaha, Bwana. Itamwisha akikua."

Kioo cha pili cha kunasia picha kikaharibika vilevile. Mpiga picha akatoka kwenye chumba chake cha giza akitiririka jasho. "Dawa imebaki ya kioo kimoja, Bibi, na wingu linakuja. Hiki ndicho cha mwisho."

Esméria akamwomba Bikira Maria amsamehe, akakitumia kidole chake kwa moyo wote. Kumi na moja, kumi na mbili. Kamera ikafungwa.

Walingoja. Wingu likapita juu ya paa, chumba kikawa cha rangi ya majivu. Bwana Hipólito akarudi na kioo kinachodondosha maji, ameinamisha kichwa.

"Samahani, Bibi. Mtoto amekuwa moshi mtupu."

Dona Leocádia alikiinua kioo mbele ya kitambaa cheusi, akakitazama taratibu, toka juu mpaka chini.

"Lakini yeye ametoka."

"Yeye? Mpaka kucha, Bibi."

"Mikono inaonekana. Kifua kinaonekana. Basi inatosha. Mtoto namwona kila siku. Huyu ndiye ambaye bwana wa kahawa kule kusini anataka kumwona kabla hajalipa. Picha iwahi meli ya Jumamosi, pamoja na barua."

Esméria alitaka kuinuka. Makoleo yakamrudisha.

"Bibi," alisema, akijaribu kucheka, "nipigeni tena. Nadhani nilifumba macho."

"Hukufumba," alisema Bwana Hipólito kwa sauti ya kumsifu, akilegeza chuma. "Miaka kumi na moja ya kazi hii, sijapata kuona mtu aliyetulia kama wewe."

Juju akamvuta ile hariri.

"Yaya," alisema, akimgeuzia goti lake, "nitekenye tena."