Godoro la Bwana Mkubwa

Fundi alikuwa amebakiza kona moja ya godoro, pini mdomoni, mama yake alipomwambia asijisumbue.

"Hataingia huyo."

"Mama, hata sijamaliza."

"La kwanza ulilimaliza. Aliingia?"

Hakuingia. Kasha la kusafiria lilikuwa katikati ya chumba cha kushonea, mlango wazi, na Bwana Mkubwa, paka wa kijivu mwenye shingo nene, amejilaza juu yake. Juu alilala vizuri tu. Ndani hakutaka hata kuchungulia.

Mengine yote ya safari yalikuwa yamekwenda. Daktari wa mifugo alimpachika kidude cha namba chini ya ngozi, akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mama aliisema sana ("Kwani amebweka lini?"), kisha damu ikapelekwa maabara na majibu yakaja mazuri. Kule paka na mama waendako ni kisiwani, ugonjwa huo hawana na hawautaki, kwa hiyo kila mnyama anayeingia huchunguzwa. Lakini daktari alisema wazi kwamba paka anayepigana na kasha atajiumiza ndani ya ndege. Mpaka alale humo kwa hiari yake, yeye hatii sahihi kwenye cheti cha safari.

Na mama naye alikuwa amesema lake: paka asipokwenda, yeye haendi. Huko kisiwani binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mume yuko kazini kutwa, naye binti hana wa kumpokea mtoto hata akitaka kuoga. Kila akipiga simu alisema hajambo, kwa sauti ambayo kaka yake aliijua tangu utotoni, na haikuwa sauti ya mtu aliye hajambo. Ndiyo maana fundi alikuwa akishona godoro la pili.

"Kwani mchana huwa analala wapi?" aliuliza.

"Halali. Anawinda."

"Na tumbo lile?"

Asubuhi iliyofuata aliiacha cherehani na kumfuata paka. Paka hakwenda mbali. Aliruka ukuta wa nyuma, akaingia dirishani kwa jirani, mlinzi wa ghala ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda. Huyo hukesha kazini na kulala mchana. Fundi alipobisha, alifungua mlango, macho yakiwa mekundu. Nyuma yake, kwenye kiti, lilikuwa koti lake zito la kazini, na juu ya koti, paka.

"Kumbe anakuja kwako."

"Koplo? Anaripoti kila asubuhi nikirudi."

"Huyo ni Bwana Mkubwa, Kamanda. Anasafiri na mama."

Kamanda alijikuna kidevu. Aliuliza wanakwenda wapi, akaambiwa.

"Na hakuniaga," alisema.

Fundi alimweleza habari ya kasha. Kamanda alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwinua paka kwa mikono miwili, akalitoa koti.

"Likate, umshonee. Kazini watanipa jingine."

Fundi alirudi amefurahi, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya kwa kila kitambaa kizito kabla ya mkasi: akaliloweka koti kwenye maji ya moto na sabuni, lisinyae na kurudi mara moja, yaishe. Mchana lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika. Mama akatoka, akanusa mkono mmoja wa koti.

"Umelifua."

"Sufu ikishonwa haijarudi, mama, baadaye inavuta..."

"Umelifua, mwanangu."

Bwana Mkubwa alinusa upindo, akapiga chafya, akaruka ukuta.

Fundi alikaa kwenye kizingiti kwa muda. Kisha akaenda tena kwa jirani, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ila kusema. Kamanda alicheka mpaka akashika mlango.

"Jasho langu la miaka yote hiyo, umelimaliza kwa ndoo moja?"

"Nisamehe."

"Mimi sina neno. Mwombe radhi Koplo." Alijifuta macho. "Tarehe ya safari mmeshapanga?"

"Bado. Tunamngoja daktari."

"Basi nirudishie nilivae. Usiku nitalichafua, mchana atalilalia. Likiwa baya tena, ndipo ukate. Na hilo kasha lileteni hapa, likae karibu na kiti. Alizoee taratibu, hakuna wa kumsukuma."

Fundi hakuwa amewahi kufikiria kwamba kasha lingeweza kukaa nyumba nyingine. Alilibeba mwenyewe. Mama alifuata nyuma, akaingia chumbani kwa Kamanda kwa mara ya kwanza, akaona kisahani sakafuni.

"Kumbe ni wewe. Halafu kwangu anakula kama mgonjwa."

"Karibu ukae, mama."

Alikaa. Akampigia binti yake simu papo hapo, akamwambia safari ipo, ila paka bado anashughulikiwa na wanaume wawili, kwa hiyo wasihesabu siku.

Jua lilikuwa kali, na kufikia jioni koti lilikauka, isipokuwa mifuko. Kamanda alilivaa. Lilikuwa limerudi kweli. Mikono ya koti iliishia juu ya vifundo vya mikono yake, na kifungo cha katikati kilikataa. Alichukua tochi yake, akashika njia ya ghalani.

Mama alisimama mlangoni, akamwita.

"Kamanda. Usitembee hivyo, kama unakwenda harusini. Kaza mwendo, utoe jasho."

Kamanda hakugeuka. Aliinua mkono uliobanwa, akaanza kukimbia pole pole.