Mzunguko wa Tatu

...na mzunguko wa tatu wa unyoya kwenye ndoano ungekaa hapo vizuri kabisa, unyoya wa kwale bado una urefu, uzi uko tayari kidoleni, na Nerima amebana pumzi mbele ya vaisi iliyoing'ata ndoano ndogo kama punje ya mchele, nyuma yake Peterson, msimamizi, amesimama na kikombe cha chai akingoja, kwa sababu boksi zima la nzi wake bandia wa kuvulia samaki trauti limerudishwa, manyoya mengi mno, wateja walisema, wanaelea badala ya kuzama, na Peterson, ambaye alizaliwa Nerima akiwa tayari na watoto wawili, alimwambia mbele ya karakana nzima, "Mathe, hii si nzi, hii ni kuku," wakacheka, naye akacheka, angefanyaje, lakini leo hakuna mchezo, huyu mmoja akitoka mnene anarudi kubandika lebo, miaka kumi na saba ya kufunga nzi iishie kwenye gundi... lakini mizunguko miwili tu, jamani, si uchoyo huo? mama yake, Nanyama, aliuza nyanya sokoni Rhonda maisha yake yote na hakuna mteja aliyeondoka bila nyongeza, akishapima anatupia moja juu, anautazama mfuko, anatupia nyingine, na Nerima amekuwa akitupia vivyo hivyo, mzunguko mmoja wa ziada kwa kila nzi, zawadi kwa mvuvi asiyemjua, maana trauti mwenyewe alikuwa hajamwona hata mkia, mpaka Jumamosi, kwenye kijito kile juu ya Mau Narok, baridi ya kukata masikio, alipokwenda kwa Kinyanjui, kakake Wariara wa meza ya pili, anayewaongoza wavuvi kule, naye akamfungia nzi wake mnene kwenye uzi, wakamtupa, akaelea juu ya maji kama kifaranga kilichonyeshewa, aibu gani hii, Kinyanjui akatoa wembe akapunguza manyoya, akapunguza tena, Nerima roho ikimuuma kwa kila unyoya ulioanguka, kisha akamwambia atupe mwenyewe, "Sasa acha maji yafanye kazi, mama," na nzi akazama, na pale chini, kwenye maji maangavu, manyoya machache yaliyobaki yakafunguka, yakajifunga, yakafunguka... anapumua! kitu alichokifunga kwa vidole hivi hivi mezani kinapumua, kisha uzi ukavutwa, mkono wote ukashtuka, akapiga ukelele kama yuko kanisani, maji yakamjaa kwenye buti, na samaki akatoka, madoadoa meusi na mekundu, baridi, mtelezi, mzuri kuliko alivyowahi kumwazia, wakamrudisha mtoni, akaenda zake, na Nerima alicheka peke yake njia nzima hadi nyumbani Kaptembwo, na hata sasa kicheko kinampanda, kwa sababu nyanya ya juu mama aliitupia pale mfuko ulipokuwa na nafasi, na huku kwenye nzi nafasi yenyewe ndiyo anayoihitaji samaki, maji yapate pa kupita, yeye miaka yote alikuwa akiyazibia njia kwa wema wake, mama angecheka mpaka akae chini... chai ya Peterson inanukia tangawizi, unyoya uko pale pale, mizunguko miwili, urefu umebaki, uzi kidoleni, na Peterson anauliza kama bado.

"Imetosha," Nerima anasema.