Anayemdai Marehemu Atokee

Jeneza la Atumani lilikuwa uani, limefunikwa shuka la kijani, na Shehe akasafisha koo. Hapa Kasongo Mwislamu hatoki nyumbani kwake mara ya mwisho kabla watu hawajaulizwa swali moja.

"Mwenye kumudai marehemu atokee sasa. Kama hakuna, museme tumubebe."

Nyuma ya pazia la mlango, Mounira, mjane wake, alifumba macho. Alimjua atakayetokea. Yakubu mwenye duka alijitokeza bila haya, akataja deni la dawa na unga aliokopesha tangu mvua zilipoanza.

Deni hilo lilikuwa na baba aliyelizaa, na baba huyo alikuwa papo hapo, kwenye kiti pekee chenye mto. Bwana Jean-Marie, mkuu wa idara moja ya Leta, yaani serikali, alikuja mazikoni na suti ya rangi ya maziwa. Matofali ya ofisi yake mpya yalichomwa na Atumani, tanuru baada ya tanuru. Ofisi ilipokwisha, likaja tangazo: madeni ya Leta yanaahirishwa mpaka ilani nyingine. Wino haujakauka, likaja la pili: kuchoma matofali kumesimamishwa kwa muda, eti kulinda miti. Atumani halipwi, na hafanyi kazi. Ngiri yake ilipojisokota tumboni, wapasuaji wa hospitali walitaka malipo kwanza. Ngiri haisomi matangazo.

Mjane hapazi sauti mbele ya wanaume siku kama hiyo. Shangazi Amisa alimvuta kitenge, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Shehe, umeuliza nusu. Uliza na ule marehemu anamudai."

Shehe hakuuliza. Bwana Jean-Marie aliinuka mwenyewe, akafunga kifungo cha koti. Huyo hata ukimwomba chumvi atakupa hotuba.

"Mama, pole sana. Leta haiibe mutu. Ile deni haiyakufa, tuliisimamisha tu kwa muda."

"Basi musimamishe na ya Yakubu. Muandike tangazo."

Mtu alicheka pembeni, akajifanya anakohoa.

"Ile iko mambo ya watu na watu, Mama. Leta haiingie mule."

Haiingii! Ilipoingia kwenye tanuru la Atumani ilipitia mlango gani?

Jua lilikuwa linapanda, na maiti hangojeshwi. Ndicho kitu pekee mjini mle ambacho hakuna aliyekiahirisha. Iliasi, mdogo wa marehemu, alimwendea Yakubu.

"Kaka apumuzike. Utakamata mabati ya hii nyumba."

Hakumuuliza anayelala chini ya mabati hayo na watoto wake. Yakubu akatamka mbele ya wote kwamba amemwachilia marehemu, na uwanja mzima ukamshukuru Mungu kwa moyo wake mwema.

Jeneza likainuliwa. Bwana Jean-Marie aliwahi mbele na kutia bega, maana kubeba maiti kuna thawabu na hakugharimu kitu. Sauti za wanaume zikateremka njiani kuelekea makaburini.

Yakubu alibaki nyuma kidogo. Pale ndani, Mounira alisikia juu ya kichwa chake, ukingoni mwa paa, kifundo cha kidole kikigonga bati moja, kisha la pili, kikitafuta lisilo na kutu.