Aliyetumwa Kuleta Udongo

Kwa miaka mingi nusu ya nyumba yangu ilikuwa Urusi. Mume wangu alikuwa amefariki, vyumba vya uani vimekaa bure, nikavipangisha kwa Pahom Yeremeyevich na mkewe Taisia. Walifika mjini kwetu, huku Banati, pamoja na wenzao, baada ya jeshi lao la Weupe kushindwa na Wekundu, yaani Wakomunisti, na kusukumwa mpaka baharini. Serbia ikawapokea. Sisi wenyeji tuliwacheka kidogo, tukawahurumia kidogo, mwishowe tukawazoea.

Walikuwa watu wa ajabu. Jenerali wao, Venedikt Lvovich, alifuga nyuki na kuuza asali sokoni akiwa amevaa koti la zamani lililopigwa pasi. Askari wake wa zamani, sasa mafundi viatu na walinzi wa maghala, walipokuja kununua walisimama wima mbele ya mitungi ya asali mpaka awaambie, "Pumzikeni, jamani." Bendera yao ya kikosi ilitunzwa kanisani, karibu na madhabahu, na kila sikukuu ya mtakatifu wa kikosi waliinua gilasi na kusema: "Mwakani, nyumbani." Walilisema hilo mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Halafu Jenerali akaanza kukohoa damu, ndipo akatoa shauri la kujenga msalaba wa mawe makaburini kwa ajili ya askari wao wote walioanguka.

Ugomvi ukazuka hapo hapo. Walikutana kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na meza kubwa, na nilisikia kila neno nikiwa nakanda unga.

"Jiwe halibebeki, Mtukufu," alisema Kanali Rostislav Ilyich, mzee mwenye masharubu makavu kama ufagio. "Tukijenga hapa, tumekubali kuzikwa hapa."

"Rostislav Ilyich, wewe umeshanunua makaburi ya familia nzima," alijibu Jenerali.

"Nilinunua kwa tahadhari tu!"

Watu wakacheka, hata yeye. Jenerali akangoja kicheko kiishe. "Tutajenga," alisema, "lakini chini ya msalaba pawe na udongo wa kwetu. Wafu wetu wengi hawana kaburi. Angalau wawe na konzi moja ya udongo."

Pahom akasimama. Vitani alikuwa mpelelezi; sasa alitengeneza hatamu na matandiko ya farasi, na siku nzima hakusema maneno kumi. "Nitakwenda mimi. Nitapita Romania hadi mto Dniestri. Ng'ambo ni kwetu. Usiku mmoja unatosha kuvuka na kurudi."

Nilimwona Taisia akiliweka birika chini bila kumimina chai.

Walipoondoka wageni, alimfuata mumewe uani. Taisia alikuwa muuguzi wa jeshi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, lakini siku hiyo alizungumza polepole.

"Mwambie mtu mwingine aende."

"Nani? Kanali? Atazama na masharubu yake."

"Usinifanyie mzaha, Pahom. Kijiji chenu kiko ukingoni pale. Ukiliona paa la nyumba ya mama yako, hutarudi."

"Mama atakuwa ameshakufa."

"Paa halifi."

Akamshika mkewe shavuni kwa ile mikono yake iliyonuka ngozi na nta. "Nitaleta udongo, nitakuletea na wewe tawi la mti wa cheri wa kwetu." Akaondoka na mfuko wa turubai, mkate wangu na kipande cha nyama ya kukaushwa.

Majira ya kuvuna yakapita. Mafundi wakausimamisha msalaba, wakaacha shimo dogo wazi chini yake kwa ajili ya ule udongo. Taisia akawa anatandika meza kwa watu wawili. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo muda mrefu baada ya mume wangu kuzikwa.

Habari zilikuja na mchuuzi wa farasi kutoka upande wa Romania, aliyemfahamu Pahom kwa sababu ya matandiko. Alikaa jikoni kwangu, kofia magotini, akamweleza Taisia bila kuficha. Pahom alifika mtoni. Alikaa ukingoni siku kadhaa, akitazama ng'ambo, wanawake wakifua nguo na watoto wakichunga bata. Wavuvi walimwambia asijaribu, maana walinzi wa mpaka hupiga risasi. Aliwashukuru. Kesho yake wakakuta koti lake limekunjwa vizuri juu ya jiwe, viatu viko kando yake.

"Risasi zilisikika?" aliuliza Taisia.

"Wengine wanasema ndiyo. Wengine wanasema hapana, ila mbwa walibweka sana."

"Na mwili?"

"Hakuna aliyeuona, mama."

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza kanisani. Kwao ni kama kwetu: majina ya walio hai huombewa mahali pake, na ya waliokufa mahali pake. Padri Pamfil, mzee mnene mwenye macho ya upole, alimsikiliza, kisha akashika ndevu zake.

"Binti yangu, nimwombee afya au pumziko?"

"Sijui, Baba."

"Siwezi kumwombea pumziko mtu aliye hai. Na aliyekufa, afya ya nini?"

"Nimesema sijui!"

Kanali alikuwa nyuma yetu. "Asiombewe kokote," alisema. "Mtu asiye na nia ya kurudi ndiye anayekunja koti. Amekwenda kwa Wekundu. Jenerali ameshaamuru jina lake lisitajwe."

Nilidhani Taisia atampiga kofi. Hakumpiga. Alitoka, akaishika barabara ya mizinga ya nyuki, nami nikamkimbilia nyuma nikihema.

Jenerali alikuwa ameketi juu ya kigogo, blanketi mabegani, nyuki wakimzunguka. Akataka kusimama kwa heshima. Kikohozi kikamrudisha chini.

"Venedikt Lvovich," alisema Taisia, na hakumwita Mtukufu. "Umekataza jina la mume wangu?"

"Nilimtuma alete udongo. Amechukua uhuru ambao sikumpa."

"Ulimtuma mwenye njaa akachungulie jikoni, halafu unamlaumu kwa kula?"

"Yeye ni askari."

"Askari wa jeshi gani? Jeshi liko wapi? Mimi ndiye niliyewafunga vidonda, mimi ndiye niliyewafumba macho. Walipokuwa wanakufa hakuna hata mmoja aliyemwita jenerali. Waliita mama zao. Pahom amemwendea wa kwake, na wewe unamhesabu msaliti!"

Mzee alivuta blanketi mabegani. Nyuki mmoja alitua mkononi mwake, akamwacha atembee.

"Unajua kwa nini nina hasira naye?" alisema. "Si kwa sababu amevuka. Kila siku mimi huvuka mto ule nikiwa nimelala hapa. Namwonea wivu, Taisia Markovna. Nilimchagua kwa kuwa mapafu yangu yasingefika. Laiti ningekuwa na mapafu yake, lile jiwe lingekuwa na makoti mawili."

Taisia akapiga magoti palepale kwenye nyasi, akaweka kichwa kwenye blanketi la mzee. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala baadaye. Mimi nilitazama mizinga.

Siku ya kuubariki msalaba ilikuwa ya ukungu. Walikuja wote na medali zao, na wake zao wakileta ngano ya kuchemsha iliyotiwa asali, chakula chao cha kuwakumbuka wafu. Padri Pamfil alisoma majina ya waliokufa mpaka sauti ikakauka. Alipofunga, Jenerali, aliyeshikiliwa na watu wawili, akasema, "Bado, Baba. Kuna sala ya wasafiri, wa nchi kavu na wa majini."

"Ipo, Mtukufu."

"Msomee Pahom."

Minong'ono ikapita kwenye mistari. Kanali aligeuka akaondoka, fimbo yake ikigonga mawe. Wengine walibaki. Padri akasoma, kwaya ikaitikia, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti iliyotikisa ukungu. Lile shimo, mchimba makaburi wetu alilijaza udongo wa Banati, huu mweusi unaootesha viazi na mahindi. Hakuna aliyeushukuru, lakini udongo wetu haujazoea shukrani.

Jenerali alizikwa hapo kabla ya masika. Kanali alimfuata, na wengine mmoja mmoja, wakajipanga kuuzunguka msalaba kwa vyeo vyao. Kisha vikaja vita vingine, vikubwa zaidi, na vilipokaribia mwisho tukasikia kwamba jeshi la Wekundu linakuja kwetu. Warusi waliobaki walipakia mizigo wakakimbilia magharibi. Padri Pamfil mwenyewe alikuja kumwita Taisia kwenye mkokoteni.

"Nenda, Baba," alimwambia. "Mimi nimechoka kukimbia watu wanaozungumza lugha yangu."

Wakaja. Kikundi kimoja kililala kwenye ghala langu, vijana wenye vumbi na viatu vilivyochanika. Niliogopa, nikawaficha bata. Taisia hakuogopa. Aliwapikia supu ya bitiruti na kabichi, akawafunga malengelenge miguuni, na akamuuliza kila mmoja wao: wewe wa wapi? Unakijua kijiji fulani kando ya Dniestri? Mmoja alitoka Siberia, mwingine hakuwahi kuuona mto huo ila alipouvuka vitani chini ya moto wa mizinga. Hakuna aliyemjua Pahom. Hakupata jibu wakati huo, wala mpaka alipofariki, nami ndiye niliyemzika.

Lakini nakumbuka zaidi ile siku ya mwisho ya wale vijana. Walikuwa wanateka maji kisimani wakitaniana, ndoo ikamponyoka mmoja wao na kuanguka ndani. Akaporomosha matusi marefu, ya kumtukana kisima na bibi yake kisima. Taisia alisimama dirishani, shati bichi mkononi likimdondokea miguuni.

"Funga dirisha, shoga," nilimwambia. "Watoto hawa hawana adabu."

"Acha," alisema. "Baba yangu alikuwa anatukana hivyo hivyo."

Akabaki pale, uso umeegemea fremu, akiwasikiliza mpaka walipopanga safu na kuondoka.