Lori Lililopimwa kwa Mwendo wa Machela

Venanti alimtambua Longinus kabla hajashuka kwenye lori. Mtu aliyekuulia mke unamsahau vipi? Shavu lile nene, kofia ile ya pama, na Bedford ile ya bluu aliyokuwa akiifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Longinus hakumtambua. Kwake, Venanti alikuwa fundi tu wa Kibondo mwenye ovaroli chafu, na matajiri wa Kasulu hawana desturi ya kuangalia nyuso za mafundi.

"Mwakeye, fundi," Longinus alimsalimu kwa Kiha. "Gari linanitesa. Likishika kasi halina neno. Nikiingia sokoni, au nikipanda mlima polepole nyuma ya ng'ombe, mshale wa joto unapanda na rejeta inatoa mvuke."

"Linachemka," Venanti akasema.

"Ndiyo, linachemka."

Neno lile lilimchoma Venanti mpaka kwenye ini, na alikuwa na sababu. Masika moja, miaka ya nyuma, mkewe Winifrida alishikwa na uchungu kwao Kitahana, na mtoto akakaa vibaya. Venanti na wanaume wenzake wakambeba kwenye machela kwenda hospitali ya Kibondo, mvua inawapiga, tope linawavuta miguu. Njiani wakapitwa na lori hili hili, tupu, linaelekea huko huko. Sasa kwa Waha, ukikuta machela njiani hupiti hivi hivi. Unapokea bega, hata kama mgonjwa ni adui yako. Longinus alitoa kichwa dirishani, akasema, "Gari linachemka. Nikipakia mtu nitaua injini." Akaenda zake. Winifrida alikufa njiani, kwenye daraja la barabara ile ya Kitahana, na mtoto wake tumboni.

Lakini Venanti alikuwa mtu wa haki hata katika chuki. Siku ile alikuwa mkulima wa maharage, hajui gari linachemka vipi. Je, kama mtu yule alisema kweli? Utamchukiaje mtu kwa kosa usilo na hakika nalo? Swali hilo lilimnyima usingizi hata akauza mbuzi zake, akaenda Kasulu kujifunza ufundi. Watu walidhani anatafuta riziki. Wapi! Alikuwa anatafuta jibu.

Basi akafunua boneti. "Iache injini ingurume," akaagiza. Maji yalijaa. Mkanda wa feni ulikaza sawasawa. Rejeta haikuziba kwa tope wala majani. Akachukua kipande cha gazeti, akakiweka mbele ya rejeta. Feni ikiwa inavuta hewa, karatasi hunasa pale hata ukiiachia. Alipoiachia ikaanguka chini. Akamwambia Longinus azime, akainama, akaona: mapanga ya feni yalikuwa yamefungwa kinyume, mgongo umekaa mahali pa tumbo. Yalizunguka lakini hayakuvuta hewa ya maana. Kwenye kasi, upepo wa barabara uliifanya kazi hiyo. Kwenye mwendo wa polepole, injini ilijipika yenyewe.

Ugonjwa ukawa umejulikana. Likabaki swali moja tu, nalo ni swali ambalo kila fundi huuliza. Venanti akajifuta mikono kwa kitambaa cha oili.

"Tajiri, limeanza lini kuchemka?"

"Baada ya Pasaka hii. Nilibadilisha pampu ya maji kwa fundi mmoja wa uchochoroni kule Kasulu."

"Na zamani? Masika ya miaka ile, tope likiwa jingi?"

Longinus akacheka, akalipigapiga bodi kwa majivuno. "Hili? Nimelinunua jipya mimi mwenyewe. Kabla ya Pasaka hii halijachemka hata siku moja. Mke wangu husema nalitunza kuliko yeye."

Kumbe. Mdomo huponza kichwa, na huyu alikuwa amejiponza mwenyewe, tena kwa kicheko. Chuki ambayo Venanti aliifunga kamba miaka yote sasa ilikuwa halali yake. Alizishika bolti za feni akafikiri: nikiziacha zimelegea, mapanga yatachomoka njiani na kuipasua rejeta porini. Atalala huko na fisi. Wazo lilikuwa tamu, akakaa nalo kidogo. Halafu akalikataa, kwa maana injini ile haikumkosea. Ndiyo iliyokuwa shahidi wake.

Akayageuza mapanga, akakaza kila bolti. "Twende tukalijaribu barabara ya Kitahana," alisema. "Uendeshe mwendo wa watu waliobeba machela."

Longinus alikiona kipimo hicho kuwa cha ajabu lakini akatii. Wakatambaa hadi darajani. Venanti akamwambia asimame hapo, injini ikinguruma. Mshale haukusogea. Longinus alikuwa akipiga mluzi.

"Fundi, wewe ni kiboko," alisema. "Twende nikakunyweshe."

Kwa Immakulata, muuza pombe, chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati na watu wa Kitahana wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake. Wawili kati yao walikuwa miongoni mwa walioibeba machela ile. Longinus alionja kwanza, kama desturi ya anayenunua, akampa Venanti mrija. Venanti akaupokea, akaulaza chini mavumbini.

Watu wote wakamgeukia. Mrija haukataliwi mbele za watu ila kwa sababu ya damu, na anayeukataa lazima aseme.

"Sema, baba," Immakulata alimwambia.

"Mwulizeni yeye gari lake limeanza lini kuchemka."

Longinus alikuwa bado haelewi, maskini wa Mungu. "Pasaka hii," akajibu. "Kabla ya hapo, hata siku moja."

Mmoja wa wale wabebaji akautoa mrija wake chunguni. "Siku ya Winifrida ulituambia linachemka," alisema, akaulaza chini. Mwenzake akafuata, kisha wengine. Immakulata akakibeba chungu akakiingiza ndani.

Ndipo Longinus alipomtazama fundi usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa na haraka," alisema. "Sikujua hali yake."

"Gari lako limepona," Venanti akamwambia. "Nimelifunga vizuri makusudi. Ukikutana na machela tena, utafute uongo mwingine."

Longinus alipanda akawasha. Watu walikuwa wametoka wakasimama barabarani, na hakuna aliyempisha, ikabidi aende hatua kwa hatua nyuma ya migongo yao mpaka mwisho wa kijiji. Lori halikuchemka.