Mkono wa Hera

Leukipo hakuwa mtu wa kutulia. Hata akila, vidole vyake vilikuwa vinapima meza. Na mdomo wake, salaale! Mji mzima wa Argo ulimjua: ukisifia kisima, kakichimba yeye, ukisifia mlango, kauchonga yeye. Jambo moja tu hakuwahi kulisema, maana kuhani, bibi Teano, alimwapisha: kwamba sanamu ya Hera, mungu wa kike wa mji, hainyanyui mkono kwa muujiza. Moto ukiwaka madhabahuni, maji yaliyofichwa chini yake husukumwa, kamba hukaza, mkono hupanda.

Siku moja binti ya Leukipo, Melita, alikimbilia hekaluni. Mumewe alikufa ghafla mezani, na shemeji yake Drayo alimwandama akitaka apigwe mawe, eti kamtilia mumewe sumu. Melita akaukamata mkono wa Hera. Aliyeushika haguswi mpaka wazee wamsikilize.

Habari zilimkuta Leukipo karakanani, akashusha pumzi. Kisha akaona moshi. Sadaka ya jioni!

"Mama yangu wee, wamewasha!" Akatoka mbio na patasi mkononi.

Alikuta mkono uko juu, Melita anaurukia, haufikii.

"Mmeona wenyewe!" Drayo alifoka. "Hera kamkataa!"

"Si Hera, ni mimi!" Leukipo akapaza sauti. "Ni maji na kamba tu! Nimeutengeneza mimi!"

Watu wakaangua kicheko. "Mzee Leukipo, hata muujiza wa Hera ni wako? Hebu tuondolee majigambo hapa!"

Akamtazama bibi Teano. Bibi Teano akatazama pembeni.

Drayo akaanza kupanda ngazi. Leukipo akanyakua mtungi wa divai ya sadaka, akaumimina wote motoni. Moto ukazimika. Mkono alikuwa ameutengeneza ushuke taratibu, kwa madaha, na sasa aliyalaani madaha hayo. Shuka basi, shuka! Drayo alikuwa amebakiza ngazi mbili ulipofika chini, na Melita akaudaka.

Watu wakapiga magoti. "Hera kapokea divai ya mzazi, kasikia dua yake!" Drayo akarudi nyuma, kanywea.

Midomo ilimwasha Leukipo. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile, na sifa zote zilikuwa zinakwenda kwingine. Akafungua kinywa.

"Baba," Melita akanong'ona huku akilia, "leo tu. Nakuomba."

Akakifunga. Akapiga magoti katikati ya wenzake, akamshukuru Hera kwa sauti kubwa kuliko wote.